Kilo za Alhamisi

Alhamisi, 5 Desemba

Daktari Wagdi amenipandisha kwenye mizani nikiwa na koti, viatu na mkoba begani. Nikamwambia ningependa kuvivua kwanza. Akasema, "Vua ukipenda, mama, lakini kilo tisini na nane hazimo mkobani." Sukari yangu imefika mlangoni, anasema, inangoja kukaribishwa tu. Goti la kulia analijua tangu zamani. Nitembee kila siku na nipunguze samli. Nikamweleza kwamba naishi ghorofa moja juu ya mama mkwe wangu. Akaniangalia kwa huruma. "Basi tembea sana."

Hayo yangetosha kwa siku moja. Lakini jioni tumekaa mbele ya televisheni, mimi, mume wangu Midhat, na mama yake, Hajjati Atiyat, ambaye hupanda kwetu kila Alhamisi kwa sababu televisheni yetu ni pana kuliko yake. Kulikuwa na kipindi kipya, *Zaliwa Upya*. Watu kumi na wawili wanene wanafungiwa kwenye hoteli ya ufukweni, wanakimbizwa na kocha, na atakayepungua kuliko wenzake ndiye mshindi. Wa nne kushuka kwenye basi lao alikuwa Shuruq.

Shuruq! Binti wa mama yangu mdogo Fikriyya, mtoto niliyemwogesha kwa mikono yangu! Tangu kiangazi tunaambiwa yuko Kuwait kwa kaka yake.

Mizani ikaandika kilo mia na ishirini na nne. Shuruq akalia, kamera ikamsogelea hadi tukaona matundu ya pua. Midhat alifungua dirisha akawapigia kelele majirani wa ng'ambo wawashe televisheni. Hajjati hakupiga kelele. Alitema ganda la mbegu ya boga, akanigeukia.

"Na wewe, walipokuwa wakiandikisha majina, ulikuwa wapi?"

Ndiyo maana nimeanza kuandika. Mimi na mdogo wangu tumepanda mizani siku moja. Tutaona.

Ijumaa, 6 Desemba

Hajjati amepika mahshi, majani ya kabichi yaliyojazwa wali. Nimekula kidogo. Kidogo kwa kipimo cha Hajjati ni sahani mbili.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimetembea kando ya Nile hadi darajani. Nimerudi kwa tuktuk.

Alhamisi, 12 Desemba

Shuruq amepungua kilo tisa. Kilo tisa kwa wiki! Mimi nimepungua gramu mia nne, nazo nimezipata baada ya kuvua bangili.

"Pengine mizani yetu imechoka," alisema Midhat. Alikuwa anajaribu kunifariji, maskini, huku anachovya mkate kwenye asali nyeusi ya miwa.

"Mizani haichoki," alisema Hajjati. "Miguu inayobeba mzigo ndiyo inayochoka."

Jumapili, 15 Desemba

Pale posta nakaa dirisha la pensheni. Safinaz, mwenzangu wa dirisha la pili, amebandika picha ya Shuruq kwenye kioo changu, eti tujivunie. Matokeo yake ni kwamba kila mstaafu wa mji wetu wa Mansura amepata la kuniambia. Ustadh Labib, aliyekuwa mtu wa reli, aliingiza kichwa dirishani.

"Bi Ikhlas, nyinyi ni damu moja kweli?"

"Moja, ustadh."

"Basi yake ndiyo inayofanya kazi."

Nimemgongea muhuri kwa nguvu hadi wino ukamrukia kwenye tai.

Alhamisi, 19 Desemba

Shuruq: kilo saba. Mimi nimeongezeka gramu mia mbili. Kuongezeka, baada ya siku saba za saladi na kifua cha kuku kisicho na chumvi! Shuruq alionyeshwa akibinua tairi la lori huku Kocha Shadi akimfokea sikioni: "Nani anakuzuia? Nani?" Naye Shuruq akajibu kwa machozi, "Mimi mwenyewe!"

Nimefikiri sana. Mimi sina wa kunifokea. Yaani ninaye, lakini yeye hufoka ili nile.

Jumamosi, 21 Desemba

Sitasahau siku ya leo, na jengo zima halitasahau.

Asubuhi nilimwambia Midhat anitafutie tairi. Hakuuliza sababu, hiyo ndiyo tabia yake nzuri. Akaenda kwa fundi magari akarudi na tairi la basi dogo, akalipandisha mwenyewe hadi paa, ghorofa ya sita, akawa mweupe kama jibini. Mpango ulikuwa mimi nilibinue, yeye anifokee.

"Nani anakuzuia, bibie?" aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza kama nataka chai.

"Foka vizuri, Midhat!"

"Nitafokaje, hujanikosea kitu."

Nikakasirika, na hasira ile ikanipa nguvu. Nikaliinua tairi hadi likasimama wima. Nilijiona kabisa kwenye televisheni. Hapo goti likaniambia basi, nikaliachia, nalo badala ya kuanguka likaanza safari yake. Lilipita mlango wa paa kama linaujua, likaingia kwenye ngazi. Tulilisikia likishuka, likigonga ukuta wa kila ghorofa. Ghorofa ya tano mtu alipiga shahada. Ghorofa ya nne chungu cha maua kilivunjika. Sisi tulikuwa tunakimbia nyuma yake, Midhat anapiga kelele, "Jihadharini! Tairi!" kama kwamba neno hilo peke yake lingemweleza mtu kitu.

Likaishia kwenye mlango wa Hajjati. Likagonga mara moja, puu! Naye akafungua.

"Pole pole!" alisema kabla hajatazama. Kisha akatazama. Alilitazama tairi, akanitazama mimi niliyeshika goti, akamtazama mwanawe. "Gari lenyewe liko wapi?"

Nimemlipa jirani chungu chake. Tairi limebaki kwa Hajjati, ameliwekea godoro, paka wake analala humo.

Alhamisi, 26 Desemba

Shuruq: kilo sita. Mimi: sijapima. Mvua.

Jumatatu, 30 Desemba

Mvua. Nimetembea hadi kwa muuza keki za basbusa. Haihesabiki.

Alhamisi, 2 Januari

Leo wamemvalisha suruali yake ya zamani. Aliingia mguu mmoja wa suruali mwili mzima, akacheka, watu wakapiga makofi. Mtangazaji, yule Tamim mwenye meno mengi, akasema, "Wiki tano tu! Jiulizeni nyinyi mlioko nyumbani, mna kisingizio gani?"

Alikuwa ananitazama mimi. Najua hawezi kuniona, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Nimekwenda chumbani nikajifungia. Nitaandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kusoma: ninamchukia. Kila gramu ninayoipunguza kwa jasho inakuwa kichekesho ifikapo Alhamisi. Nimeshuka kilo mbili tangu nianze, kilo mbili nzima, na hakuna hata mtu mmoja aliyeziona zikiondoka.

Alhamisi, 9 Januari

Shuruq: kilo nane.

Jumamosi, 11 Januari

Hili lazima niliandike.

Leo nilivuka daraja hadi Talkha kumtembelea mama mdogo Fikriyya. Anaishi peke yake tangu afiwe, na mimi kwa kijicho changu nilikuwa sijampongeza hata mara moja. Nilimpelekea machungwa. Alichelewa kufungua, na alipofungua alisimama katikati ya mlango kama polisi wa mpakani.

"Aa, Ikhlas! Ungepiga simu, mwanangu."

"Kwani nimekuja vibaya, mama?"

"Hapana, hapana. Ila nina mafua, yatakuambukiza."

Wakati huohuo mtu akapiga chafya chumbani. Mama mdogo alikuwa amefunga mdomo.

Nikaisikia ya pili, kisha ya tatu, kisha ile "ahaa" ndefu mwishoni. Chafya ile naijua. Mtu mmoja tu duniani huimalizia hivyo, na huyo mtu, kwa mujibu wa televisheni, yuko ufukweni kwenye hoteli anabinua matairi.

Nilimpita mama mdogo nikausukuma mlango wa chumba. Shuruq alikuwa kitandani, blanketi hadi kidevuni, mkononi ana mkate wenye halawa ya ufuta. Tulitazamana. Hakuwa yule wa mia na ishirini na nne, lakini hakuwa yule wa juzi Alhamisi pia. Mashavu yalikuwa yamerudi.

"Dada Ikhlas," alisema, mdomo umejaa. "Usimwambie mtu. Nimetia saini."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, maana goti lilikataa kazi.

Walipiga picha tangu Mei hadi Oktoba, akanieleza. Ile "wiki" ya kwenye televisheni mara nyingine ni wiki tatu, mara nyingine mwezi. Siku ya kwanza waliwalisha wali na kuwanywesha maji mengi kabla ya mizani, ili mwanzo uwe mkubwa. Siku za kupima zilizofuata waliwanyima maji tangu siku iliyotangulia. Kutwa walikimbizwa, chakula chao kingemwacha njiwa na njaa. Alitoka mwezi wa Oktoba akiwa na kilo sabini na saba, na akaambiwa ajifiche hadi kipindi kiishe, mtu yeyote asimwone.

"Nikakaa humu ndani, dada. Mama anapika. Nitafanya nini? Sasa nina tisini na moja. Na fainali inarushwa moja kwa moja, tarehe ishirini Februari, mbele ya nchi nzima."

Nitaandika na hili pia: nilifurahi. Kwa dakika moja nilifurahi kama mtu aliyeokota pete barabarani. Nilitaka kukimbia hadi posta nikaing'oe ile picha.

Kisha akavua kitambaa ajikune kichwa, nikaona nywele zake. Shuruq alikuwa na nywele ambazo harusini wanawake walizigusa kwa siri. Sasa nimeona ngozi ya kichwa.

"Zinatoka tu," alisema. "Daktari wao alisema zitarudi."

Nikamnyang'anya ule mkate, nikaukata, nusu nikala mimi.

"Vaa," nikamwambia. "Kesho alfajiri natembea. Utakuja."

"Wakiniona?"

"Wataona nini? Mama mdogo, una nikabu?"

Jumapili, 12 Januari

Tumetembea. Nikabu ilikuwa ya marehemu bibi, fupi, viatu vya michezo vya Shuruq, vya rangi ya waridi, vikaonekana vyote. Muuza maharage alituamkia kwa heshima, "Karibuni, mahajjati." Shuruq alicheka ndani ya kile kitambaa hadi akakohoa.

Alhamisi, 16 Januari

Televisheni: kilo tano. Shuruq wa kweli: kilo moja. Mimi: gramu mia tano. Leo nimetazama kipindi kwa mara ya kwanza nikiwa nimetulia. Hajjati ananishuku. "Umekuwaje, huchukii tena?"

Jumapili, 19 Januari

Shuruq hutembea haraka halafu analia. Mimi hutembea polepole halafu nalalamika. Tunafika pamoja.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua tangu juzi, kando ya mto ni matope matupu. Tukaona heri Shuruq aje apande ngazi za jengo letu. Midhat, ambaye nilikuwa nimemwambia siri kwa sababu uso wake hauwezi kueleza chochote, alikwenda kumchukua kwa gari mimi nikiwa bado posta.

Tulisahau kitu kimoja. Mlango wa Hajjati una tundu, na tundu hilo halijawahi kupumzika.

Nilipofika jioni nilimkuta amenisubiri kwenye ngazi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hajawahi kunishika mkono tangu siku ya ndoa.

"Kaa chini, mwanangu. Usilie."

"Kuna msiba, mama?"

"Kuna mwanamke. Amejifunika uso, hana haya, ana viatu vya waridi. Midhat amemwingiza ndani kwako mchana kweupe. Nimehesabu sauti mbili zikicheka."

Nikafungua mdomo, nikaukumbuka mkataba wa Shuruq, nikaufumba tena. Hajjati akakisoma kimya changu kama alivyotaka. Akavua ndala ya kulia, akatangulia. Sijapata kumwona akipanda ngazi namna ile, hakushika hata chuma cha pembeni.

Midhat alifungua akitabasamu. Ndala ikamfikia kabla ya salamu.

"Mama!"

"Miaka ishirini! Miaka ishirini mwanamke huyu anakula chakula changu, hata siku nilipozidisha chumvi anasema mikono yako isalimike! Wewe unamletea mke mwenza?"

"Mama, siyo..."

"Anatembea kwenye baridi, goti bovu, anakula majani kama sungura ili asikuachie ujane! Na wewe!" Ndala. "Na wewe!" Ndala.

Nilidhani mambo yangu haya yote alikuwa anayaona kwa ajili ya kucheka tu.

Alipomgeukia Shuruq ikabidi siri itoke. Shuruq mwenyewe akaivua nikabu. Nyuma yake televisheni ilikuwa imewashwa, wanarudia sehemu ya wiki iliyopita, na Shuruq mwingine, mwembamba, alikuwa anapanda kamba. Hajjati akabaki ameinua ndala. Alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Huyu aliyeko ndani ya televisheni ni nani?"

"Ni mimi, mama. Wa mwezi wa Agosti."

Tulimweleza yote. Aliapa atanyamaza, nasi tukajua kwamba tumekwisha, maana Hajjati hajapata kutunza siri hata ya bei ya vitunguu.

Ijumaa, 31 Januari

Wiki nzima, na Hajjati hajasema! Anaugua kwa kunyamaza, anakaa na majirani akijiziba mdomo kwa kitambaa. Jioni hutuletea supu ya dengu isiyo na samli, anaiweka mezani kama anaweka maiti. "Kuleni. Mungu anisamehe."

Alhamisi, 13 Februari

Shuruq themanini na saba. Mimi tisini na tatu na nusu. Televisheni haituhusu.

Ijumaa, 21 Februari

Jana tulikuwa Kairo. Nimelala hadi adhuhuri, sasa naandika yote.

Mama mdogo Fikriyya aliogopa kwenda, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa jamaa wa mshiriki. Nyuma ya jukwaa mwandaaji alimpima Shuruq kwenye chumba kidogo. Themanini na sita. Yule mwanamke akatazama namba, akamtazama Shuruq kana kwamba ameiba kitu cha ofisi.

"Tulikuachilia ukiwa na sabini na saba."

"Nimepungua tano tangu Januari," alisema Shuruq. "Kwa kutembea."

"Kutembea nani anakuona?" Akaita mtu alete mkanda wa kubana, ule wenye ndoano mgongoni. "Vaa huu, juu yake gauni jekundu. Usijali mizani ya jukwaani. Itasoma sabini na saba."

"Itasomaje?"

"Itasoma."

Wanawake wawili walimfunga, mmoja alitia goti kiunoni. Walipokwisha alikuwa na umbo, lakini hana pumzi. Nikamnong'oneza, "Tunaweza kuondoka sasa hivi." Akatikisa kichwa. Mama yake alikuwa ameialika Talkha nzima ije kwake kutazama.

Akatoka jukwaani, taa, moshi, makofi. Akapanda mizani. Namba zikakimbia kwenye kioo kikubwa nyuma yake, zikasimama: 77. Karatasi za dhahabu zikamwagika. Watu walisimama. Shuruq alitabasamu kama mtu aliyeng'olewa jino.

Ingeishia hapo. Lakini Tamim alitaka kuchekesha watu, akaninyooshea mkono mimi niliyekaa mstari wa mbele. "Na huyu ndiye dada! Njoo, njoo, mama! Panda nawe, pengine msimu ujao tukuchukue wewe!"

Nilikataa. Watu wakapiga makofi ya kunisukuma. Nikapandishwa jukwaani, na koti langu, na viatu vyangu, na mkoba. Nikiwa nimesimama kando ya Shuruq aliyebanwa vile, nilijua hasa kwa nini nimeitwa. Nikasema liwalo na liwe. Shuruq akashuka, nikapanda.

Nikageuka kutazama kioo. Mimi, Ikhlas wa dirisha la pensheni, na mkoba wangu: 77.

Tamim alitazama kioo, meno yote yakiwa nje, hajui ayapeleke wapi. Kisha mwanamke mmoja huko juu, sauti ya sokoni, akasema, "Mizani hiyo inauzwa wapi, jamani?"

Kicheko kilianzia juu kikashuka kama mvua. Namba ikazimwa, ikarudi, 77. Shuruq naye akaanza. Alicheka bila pumzi, ameshika mbavu, na nikasikia ndoano ya kwanza ikifyatuka, kisha ya pili, kisha zote kwa mpigo. Gauni likapasuka ubavuni. Akavuta hewa kama aliyetolewa majini. Wakakata, wakaweka matangazo ya sabuni.

Waliporudi Tamim alisema ni hitilafu ya mitambo. Akampa Shuruq kipaza sauti athibitishe. Shuruq akakishika kwa mikono miwili, koti langu limemfunika begani.

"Nina themanini na sita," alisema. "Nilianza na mia na kumi na sita, kabla hawajaninywesha maji. Zile zilizorudi zilirudi nikiwa nimejificha. Nywele bado nazingoja."

Aliyeshinda ni jamaa wa Aswan. Shuruq alipewa shada la maua ambalo kwa mchafuko ule hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Mwandaaji alitupita kwenye ujia bila kututazama, na habari ya mkataba hakuigusa.

Simu ya Hajjati ilinifikia tukiwa bado mlangoni. Nyuma yake nilisikia jengo zima.

"Ikhlas! Nimewaambia wote! Nimewaambia yote! Mwezi mzima huu!" Alikuwa analia kwa raha. "Rudini, nimepika. Kidogo tu."

Jumatatu, 24 Februari

Daktari Wagdi: kilo tisini na tatu. Sukari imeondoka mlangoni. Amesema "Vizuri," bila moshi wala karatasi za dhahabu, kisha akamwita mgonjwa anayefuata.

Ijumaa, 28 Februari

Wanasema mwezi utaonekana leo, kesho tunafunga. Asubuhi tumetembea, jua limewaka, Shuruq uso wazi. Darajani watu walimsalimia. Mwanamke mmoja alimkumbatia akamwambia kwamba yeye pia, kisha akashindwa kumalizia. Msichana mwingine alituuliza ni nani kati yetu ndiye wa televisheni, Shuruq akaninyooshea kidole mimi.

Nilikuwa nawaza futari, nani aalikwe, Hajjati atapika nini na nitamkatazaje. Mguu ukaenda wenyewe. Kupita katikati ya daraja nikasikia nyuma yangu, mbali kidogo:

"Dada! Dada Ikhlas, ningoje!"

Nikasimama. Tangu shuleni, sokoni, harusini, hata siku ya kwenda kumzika mama yangu, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia watu waningoje. Nikageuka nikamwona Shuruq anakuja mbio, viatu vya waridi, mkono kiunoni, ananitukana.

Nikamngoja.